Glavu Iko na Nani?

Ujumbe wa kifo cha Teresa ulinifikia kwenye kituo cha umeme cha Olkaria nikiwa kando ya bomba la mvuke, kofia ngumu kichwani, nikimkaripia kijana mmoja aliyekuwa karibu kuegemea mahali ambapo angeungua. Simu ilitetemeka mfukoni. "Mathe Tere ametuacha. Mazishi Jumamosi, kwake Elburgon." Namba sikuijua. Nilimaliza kwanza kumkaripia yule kijana, kwa sababu mvuke haujui kwamba mtu amefiwa, kisha nikaenda nyuma ya gari la kazi, nikavua glavu na kutazama kifundo cha mkono wangu wa kulia. Kovu bado lipo, jeusi, limezunguka nusu ya kifundo. Teresa aliliita bangili. Nililia pale nyuma ya gari, na kusema kweli nililia kwa hasira kuliko huzuni, maana mama yule alikuwa na deni la maelezo kwangu na sasa ameenda nayo.

Kuna watu wakikuhadithia maisha yao huanzia kwa babu. Mimi hayo nayaruka. Naanzia kwenye geti la kiwanda, upande wa viwanda wa Nakuru, mwaka niliomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani mpaka hata kuku walinichoka. Kiwanda kilitengeneza maziwa ya soya. Soya hulowekwa, husagwa, huchemshwa, hukamuliwa. Maziwa yalienda upande wa mbele, penye vigae vyeupe na wasichana wenye kofia za nailoni. Kilichobaki ni machicha, na machicha yalikuja nyuma, kwetu. Zamani yalikuwa yakimwagwa, majirani wakalalamika kwa harufu, hadi mwenye kiwanda alipong'amua kwamba yakikaushwa yanaweza kuuzwa kwa watu wa chakula cha kuku, na yakisagwa laini, kwa watu wa biskuti. Akajenga banda la mabati lisilo na dirisha hata moja, akaleta dramu. Usifikirie dramu ya maji. Hii ilikuwa pipa la chuma lililolala kwa ubavu, refu kuliko chumba nilichokuja kuishi, likizunguka polepole mchana kutwa huku boila ikisukuma hewa ya moto ndani yake. Machicha yaliingia mdomoni mwake yakiwa mabichi na mazito kama ugali uliopoa, yakatoka upande wa pili makavu, mepesi, yananukia njugu karanga. Katikati ya hapo ndipo palipokuwa na maisha yetu.

Shida ya machicha ni kwamba hayasubiri. Ukiyaacha mabichi yanachacha kabla ya chai ya saa kumi. Ukiisimamisha dramu yakiwa ndani, yanagandia kwenye chuma na kuungua, na yakishika moto vumbi lote la banda linakufuata. Kwa hiyo dramu ilikuwa na mtu wake wakati wote, na mtu huyo alijulikana kwa glavu. Ilikuwa glavu moja ya ngozi, ya mkono wa kulia. Ya kushoto iliungua kabla ya siku zangu. Aliyeivaa ndiye mwenye dramu. Haikuwekwa chini wala kutundikwa ukutani. Ilitoka mkono hadi mkono, na kama hakuna mkono wa kuipokea, basi ubaki nayo, uwe na njaa, uwe na haja ya kwenda chooni, uwe umefiwa. Mlinzi wa getini naye hakuuliza jina lako ukitaka kutoka. Aliuliza, "Glavu iko na nani?" Ukiwa huna jibu, geti halifunguki.

Teresa ndiye aliyeniingiza pale. Tulikutana kanisani, akaniuliza kama nina kazi, nikasema sina, akasema njoo Jumatatu. Alikuwa mwanamke mpana, wa kutoka magharibi kama mimi, mwenye sauti ya kuimba sauti ya pili na mdomo wa kuchokoza watu.

"Umewahi kupika ugali?" aliniuliza siku ya kwanza, banda likivuma hata ilibidi anisemee sikioni.

"Nimepika."

"Ya watu wangapi?"

"Wa nyumbani tu."

"Sasa hii ni ya wale hawashibi," akasema, akanipa sepetu.

Nilianza kwa kulisha dramu. Miezi miwili ya kwanza sikuruhusiwa kugusa glavu. Nilitazama tu. Teresa alikuwa anaingiza mkono wenye glavu kwenye mdomo wa kutolea, anachota kwa kopo, anavua glavu kwa meno, anamimina machicha kiganjani na kufumba ngumi. Kisha anafumbua. Kama donge limeshikana, lina alama za vidole vyake juu yake, anasema "Bado," na machicha yanarudishwa mzunguko mwingine. Yakiwa tayari, ngumi ikifunguka yanamwagika kati ya vidole, hayabaki. Ofisini kulikuwa na kipimo cha unyevu chenye sindano, na siku nyingi kipimo na kiganja vilikubaliana, kwa hiyo hapakuwa na ubishi. Lakini neno lile, bado, ndilo lililonitawala mwaka mzima. Nikiuliza kama chai imefika, bado. Nikiuliza kama naweza kutoka nje nivute hewa kidogo, bado. Mpaka leo mtoto wangu akiniuliza kitu nikamjibu neno hilo, naona banda.

Mimi na Teresa tuliishi chumba kimoja mtaa wa Free Area, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana na mfereji mmoja katikati. Kitanda kilikuwa cha Teresa, nyuma ya leso aliyoifunga kwa kamba. Godoro la chini lilikuwa langu. Kulikuwa na meza iliyokuwa inachechemea, jiko la makaa, kalenda ya kanisa, na dirisha lililofungukia ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kumsalimia kwa mkono. Sikumbuki kuona mbingu nikiwa ndani ya chumba kile. Na harufu tulirudi nayo. Ilikaa kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye Biblia. Jumapili tulipokaa kanisani benchi lilianza kupungua watu taratibu, hakuna aliyesema kitu, walisogea tu kwa upendo wa Bwana mpaka tukabaki wawili. Teresa alinyoosha miguu. "Tumepewa VIP," akaninong'oneza, na mimi nikacheka katikati ya maombi ya wagonjwa.

Alikuwa mpishi. Aliruhusiwa kubeba mfuko mdogo wa machicha yaliyotoka kukamuliwa asubuhi hiyo, akayakaanga kwa kitunguu, nyanya na dania mpaka yakawa kama mayai ya kuvuruga, tukala na ugali na sukuma. "Kula nyama ya wafungwa," alikuwa akisema kila mara akiniwekea. Majirani walikuja kuonja wakiona haya, wakarudi bila haya. Na tukishakula, sufuria ikiwa bado katikati yetu, alianza hadithi zake za Elburgon. Alikuwa amenunua shamba dogo kule, juu ya barabara, karibu na msitu. Alijua atapanda wapi viazi, ng'ombe atafungwa wapi, kamba ya nguo itatoka mti upi hadi upi. "Baridi ya kule," alisema akifumba macho, "unatoka nje asubuhi, unaona pumzi yako mwenyewe." Mtu aliyeshinda kando ya boila anatamani baridi jinsi wengine wanavyotamani pilau.

Kila wiki lori la Kibet lilikuja kutoka Elburgon na masalio ya mbao kwa ajili ya boila. Kibet alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyependa kuongea akiwa ameshuka kwenye lori lakini mkono mmoja bado umeshika mlango. Teresa alimwendea mbio, ikiwa glavu haiko naye, akamuuliza, "Kumenyesha?" akaokota kipande cha gome la msaiprasi, akakinusa, akakitia mfukoni mwa aproni. Kisha zile mbao zikaenda motoni. Nilimwambia siku moja kwa utani kwamba anachoma kwao ili akaushe mali ya mtu mwingine. Hakucheka. Nilishangaa, maana kwa kawaida alicheka hata mahali pasipochekesha. Sikuelewa pia kwa nini hakuwa tu anapanda gari na kwenda. Elburgon si ng'ambo. Unaondoka Nakuru baada ya chai na kufika kabla chakula cha mchana hakijaiva.

Nilielewa siku niliyokuwa nimekaa nyuma ya rundo la magunia nikila mandazi. Foreman wetu, Ndegwa, aliingia bandani. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, hakuwahi kutukana mtu, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa na mtu wa kumwogopa mbele kule kwenye vigae. Alisimama karibu na dramu, na kwa sababu ya kelele ilibidi aongee kwa nguvu kuliko kawaida yake.

"Huyu msichana ameshika?"

"Ameshika," Teresa alijibu. "Ako na mkono mzuri, hata kunishinda."

"Basi ile maneno yetu iko sawa. Mwisho wa mwaka unaweza enda shamba. Lakini Teresa, sitaki mtu wa kukuja na kwenda. Mwenye anajua dramu anakaa mpaka alete mwingine. Huyu hana bwana, hana mtoto, hana kwao hapa. Hatoki?"

Dramu ilizunguka. Nilisubiri Teresa aseme chochote, hata matani.

"Hatoki," akasema.

Jioni hiyo nilikataa kula. Alinitazama, akasonga ugali, akapakua, akaniwekea mbele.

"Kula."

"Sina njaa."

"Nani amekuudhi?"

"Ulinileta ndio wewe utoke," nikasema. "Ulikuwa unatafuta mtu wa kufungia hapo. Hata kanisani ulikuwa unanipima, si ndiyo? Unaona huyu hana mtu."

Hakukana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliosha mikono kwenye beseni, akajipangusa polepole kila kidole. "Mimi nilipatiwa hiyo glavu na mama mwingine," akasema. "Akaniambia, nishikie tu kidogo, naenda hospitali, nitarudi. Nikashika. Kumbe alikuwa amepanga vitu kwa gari ya kwenda kwao. Sikuwa najua hata kufinya. Niliungua, machicha ikaungua, nikalia wiki mbili. Mimi nimekufundisha polepole, Eva. Nimekupea mahali pa kulala. Nimekudanganya wapi?"

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungekuja?"

Nilikula ule ugali ukiwa umepoa, nikimgeuzia mgongo, na yeye akafunga leso yake mapema. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia mwanamke aliyekuwa amelala hatua chache kutoka kwangu, ambaye ugali wake ulikuwa tumboni mwangu na ambaye shuka yake ndiyo niliyojifunika. Hakuna pahali pa kwenda na chuki ndani ya chumba kimoja. Inabidi uilalie.

Siku zilizofuata tulifanya kazi bila kusema ila lile neno moja. Nilikuwa nimeanza kuvaa glavu sasa, na ilikuwa fupi, imeishia pale mkono unapoanza. Mdomo wa kutolea ulikuwa na ukingo wa chuma. Asubuhi moja, akili ikiwa kwenye hasira zangu, niliingiza mkono bila kuinamisha kiwiko na ukingo ukanibusu kifundoni. Nilipiga kelele hata Ndegwa akatoka ofisini. Teresa alinivuta hadi kwenye mfereji wa nje, akaushika mkono wangu chini ya maji, akaushikilia hata niliponyamaza. Kisha akakunja sleeve yake ya kulia. Alikuwa na alama hiyo hiyo, mahali pale pale, ya zamani, imeng'aa.

"Bangili," akasema. "Sasa umeolewa."

Alianza kucheka, lakini macho yake yalijaa, akageuka upesi kuangalia kama kuna mtu kwenye dramu.

Nilimsamehe? Sikumsamehe. Ila tangu siku ile tulianza tena kuongea, na hadithi za Elburgon zikarudi mezani, mimi nikizisikiliza kama mtu anayesikiliza jirani akisifia nyama aliyomwibia. Mwisho wa mwaka ulikaribia. Alinunua jembe, akaliweka nyuma ya mlango, na kila nilipofunga mlango nililiona. Nilijihesabia vitu nisivyokuwa navyo: bwana, mtoto, kwetu. Niliona miaka yangu ikiingia mdomoni mwa dramu upande mmoja na kutoka upande wa pili, mikavu. Nikiona msichana mpya amekuja kuomba kazi getini nilijikuta namtazama mikono, kama inafaa. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu nilijua macho hayo nimeyatoa wapi.

Kibet ndiye aliyeniletea habari. Mkono mmoja kwenye mlango wa lori, aliniambia kwamba Naivasha wanachukua vijana wa kufundishwa kazi ya mabomba ya mvuke, wenye vyeti vya kidato cha nne, na kwamba wasichana pia wanachukuliwa.

"Si wewe unajua boila? Enda bana. Lakini ni kujipeleka mwenyewe, Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya saa nane mchana. Wakifunga mlango wamefunga."

"Ijumaa ya wiki ijayo?"

"Eeh. Siku hiyo hata mimi nambeba Mathe Tere na vitu zake."

Sikumwambia Teresa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani niliogopa majibu yote mawili. Angesema nenda, ningekuwa nimemlia shamba lake. Angesema pole, ningelazimika kumchukia mpaka kufa, na nilikuwa nimechoka na kazi hiyo. Nikaamua kwamba wiki itapita, Ijumaa itapita, na baada ya hapo sitajua tena nilichokikosa.

Ijumaa ikafika. Ndegwa alinunua kreti ya soda. Wasichana wa upande wa mbele walikuja nyuma na kofia zao za nailoni, wakaimba wimbo mmoja wa kanisa, na Teresa akavua glavu mbele ya watu wote na kuninyooshea. Ilikuwa na joto la mkono wake, na jasho. Niliivaa. Watu wakapiga makofi, mimi nikatabasamu jinsi maiti hupangwa uso. Nje lori lilikuwa limeshapakiwa: godoro, kitanda kilichofunguliwa, meza inayochechemea miguu juu, jiko, jembe, na kuku wawili ndani ya kikapu. Alikumbatia kila mtu. Nilimsikia akicheka uwanjani, sauti yake ikienda ikipungua, kisha sikusikia kitu ila dramu.

Nilichota, nikafinya. Bado. Nikarudisha. Na hapo nikaanza kulia, si kidogo, kulia kwa mdomo wazi, kwa kuwa nilijua hakuna atakayesikia. Nilipogeuka Teresa alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake la safari, lile la kijivu la sufu, katika joto lile. Mpaka leo sijui alikuwa amesahau nini.

"Unanililia mimi?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

"Leo nilikuwa niende Naivasha," nikasema. "Wanachukua watu wa kufundishwa mvuke. Ni leo tu. Wacha, imeisha."

"Saa ngapi?"

"Saa nane. Mathe, wacha. Enda, lori inakungoja."

Aliangalia nje. Kutoka mlangoni aliweza kuona miguu ya meza yake ikielekea juu. Aliangalia kwa muda, kama mtu anayesoma jambo refu. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalitundika kwenye mpini wa sepetu, akaninyooshea mkono wa kulia.

"Leta."

"Siwezi."

"Eva, leta hiyo kitu kabla machicha ichome."

"Ulimwambia Ndegwa sitoki. Nilikusikia."

"Najua ulinisikia. Mandazi ulikuwa unatafuna kama punda," akasema. "Elburgon haiendi mahali. Leta."

Nilivua glavu. Aliivaa, akachota, akavua kwa meno, akafinya, akafumbua. Hakunitazama tena. "Bado," akasema, akaokota sepetu, na koti likaanguka kwenye vumbi.

Nilikimbia hadi getini na aproni yangu. Mlinzi alikuwa na chupa ya soda mkononi.

"Glavu iko na nani?"

"Iko na Teresa."

"Teresa ametoka leo. Si tumeimba?"

"Iko na Teresa."

Alinitazama kama mwizi. Akageuka kuangalia banda, ng'ambo ya uwanja, mlango ukiwa wazi na mvuke ukitoka. Ndani ya ule weusi mkono uliinuka juu, umevaa glavu, ukabaki juu mpaka funguo zikazunguka. Nilipopita kando ya lori Kibet alikuwa tayari juu, anashusha godoro.

Nilipitia chumbani nikachukua cheti, nikafika Naivasha kabla mlango haujafungwa, nikachukuliwa, na kila nilicho nacho tangu hapo kimetoka kwenye mchana ule. Nilirudi kumwona Teresa mara kadhaa mwanzoni, na unga, na sukari, na mdomo uliokosa la kusema. Chumba kilikuwa kile kile. Jembe lilikuwa nyuma ya mlango. "Nikipata mtu nitatoka," aliniambia kila mara, kwa uchangamfu, na mimi nikaondoka. Kisha nikaolewa, nikahamishwa kituo, tukabaki kwenye simu, na simu nazo zikawa za Krismasi. Nilijiambia ni kazi. Lakini ukweli ni kwamba sikuweza kumtazama. Kwa miaka yote hiyo nilibeba jambo moja: kuna mwanamke aliyefungiwa ili mimi nitoke. Lilinisumbua sana, na nitalisema hata kama si la kupendeza, lilinifurahisha pia. Kuna mtu aliyenipenda kiasi hicho. Mimi peke yangu.

Jumamosi ya mazishi mvua ilikuwa inanyesha Elburgon, ile mvua nyembamba ya msituni isiyo na haraka. Shamba lilikuwa kama alivyolieleza. Viazi vilikuwa pale alipovisema, kamba ya nguo ilitoka mti ule ule hadi mti ule ule. Nilisimama chini ya hema nikiwa na baridi, nikiona pumzi yangu. Msichana mmoja alinipa chai kwenye kikombe cha bati, na aliponyoosha mkono sleeve yake ikarudi nyuma. Nilimshika kabla sijafikiria.

"Hii ulipata wapi?"

Alitazama kifundo chake, kisha changu. "Wewe ni wa mwaka gani?" akauliza.

Akaniita nyuma ya hema. Walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, wanawake wa kila umri, wamejazana hata mmoja alikuwa nusu nje. Mwalimu, mwenye duka la dawa Njoro, fundi wa nguo, mmoja aliyekuja kutoka Eldoret na mtoto mgongoni. Wote walinyoosha mikono ya kulia kunionyesha, bila kuambiwa. Bangili, bangili, bangili. Teresa alikuwa ametafuta msichana, akamfundisha polepole, akamlaza kwenye godoro la chini, akamlisha nyama ya wafungwa, akamwambia Ndegwa hatoki. Na siku msichana alipopata mahali pa kwenda, akanyoosha mkono akasema leta. Mwaka baada ya mwaka. Mpaka kiwanda kilipoleta mashine mpya ya vitufe, isiyotaka mkono wa mtu, ndipo wakamruhusu. Alikuwa na misimu michache ya viazi, akaugua.

"Aliniambia mimi ni mtoto wake wa pekee," alisema yule wa Eldoret.

"Hata mimi," akasema mwenye duka la dawa.

Wakacheka. Mimi niliona wivu, wivu mkali wa kitoto, katika umri wangu na katika mazishi. Nilikuwa nimebeba mzigo wangu kama kito cha dhahabu, kumbe kila mtu kwenye benchi alikuwa na chake. Kisha fundi wa nguo, mwanamke mwenye uso mkali, akasema kwamba yeye anafikiri Mathe aliogopa. "Angetaka kutoka angetoka. Alizoea dramu. Sisi tulikuwa kisingizio." Nimelifikiria sana neno lake tangu siku ile na sijaweza kulikataa wala kulikubali. Lakini mimi niliona alivyofungua vifungo vya lile koti. Mtu anayeogopa kwenda hafungui vifungo polepole vile.

Tulisogea, nikabanwa kwenye benchi, na joto lao likaniingia ubavuni. Sikuwa nimekaa karibu na watu hivyo tangu Free Area. Mzigo wangu haukuondoka, ila kwa mara ya kwanza ulikuwa na watu wa kuushika pande nyingine.

Mchungaji alipoita jamaa waje watie udongo, yule msichana wa chai akasema, "Twende," na tukaenda foleni nzima, mvua ikitupiga. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Niliinama nikachukua udongo wa Elburgon, mwekundu, baridi, na mkono wangu ukafanya kile unachojua kufanya. Ulifumba. Ulifinya. Nikaufumbua juu ya kaburi. Donge lilikuwa limeshikana kiganjani, na alama za vidole vyangu vyote juu yake, na halikutaka kuanguka.

Nyuma yangu wote waliona.

"Bado," akasema mmoja kwa sauti ndogo, na foleni yote ikaitikia.